Vumbi la Klachi Kavu

Shemeji yangu alizisikiliza pikipiki kuliko alivyowasikiliza watu, na nilimwambia hivyo usoni, tena si mara moja. Ukimwambia chai inapoa, hasikii. Ukimwambia bati linavuja, hasikii. Lakini pikipiki kuukuu ikipita barabara ya nyuma, kijiko kinasimama katikati ya sahani na mdomo, shingo inageuka, halafu anasema, "Huyo springi zake zimechoka." Huyo! Pikipiki ndiyo ilikuwa "huyo." Sisi tuliokaa naye mezani tulikuwa viti.

Mtaa mzima walimwita Fundi Klachi. Mafundi pikipiki walijaa kila kona, ila yeye alijulikana kwa zile nzito za zamani ambazo klachi yake ni kavu. Ngoja nieleze, kwa sababu hata mimi nilieleweshwa kwa nguvu, tena nikiwa nakula. Klachi ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Ukibana mkono wa kushoto inaachia, ukiachilia inashika. Za siku hizi klachi yake inaogelea kwenye mafuta, kimya kabisa. Zile za zamani pleti zake zinasuguana kavukavu ndani ya bakuli la chuma, katikati ya injini na gia, na mafuta yakipenya humo imekula kwako.

Mteja akifika alikuwa anaanza na malalamiko: inapiga kelele, fundi, inanitia aibu njiani. Shemeji anainua kidole, maana yake funga mdomo. Anawasha. Anabana klachi: kachakachakacha, kama vijiko ndani ya sufuria tupu. Anaachilia: kimya.

"Hii ni tabia, si ugonjwa," anasema. "Klachi kavu lazima ipige domo ukiibana. Ikinyamaza, hapo ndipo uniite."

Kelele ikija mkono ukiwa umeachiliwa, hapo sasa anakunja mikono ya ovaroli. Kwanza anapima waya wa klachi, umekaza sana au umelegea. Kisha anaipandisha pikipiki kilima kilicho nyuma ya gereji. Injini ikilia kwa nguvu na pikipiki isiongeze mwendo, klachi inateleza. Ikigoma kubadili gia huku ikivuta mbele, klachi haiachii. Basi anaipasua katikati, injini huku, gia kule, na anapofungua lile bakuli ndipo vumbi linapotoka.

Vumbi lile ndilo lililokuwa kitabu chake. Alikuwa anainama, anavuta pumzi pembeni, halafu fuu! analipuliza litoke kwenye pembe. Anazigonganisha pleti mbili kama mtu anayekung'uta viatu vya matope. Kilichobaki anakimimina kiganjani na kukisugua kwa kidole gumba. Likiruka jepesi, la kijivu, pleti zimeisha kwa uzee wake tu. Likigandamana na kuanguka mabonge, kuna mafuta yameingia, na pleti mpya hazitasaidia kitu mpaka ujue yametoka wapi. Mafundi wengine walikuwa wanabadilisha pleti na kumwambia mteja aende salama. Yeye alikuwa na wimbo wake mmoja: "Usikimbilie kinachopiga kelele. Uliza uchafu umefikaje hapo."

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeolewa na kiumbe huyo. Walikutana siku alipompa lifti kutoka dukani, kwani Dada alikuwa anauza madaftari na kalamu katika duka la vifaa vya shule. Walipofika kwetu pikipiki haikusimama. Wakapita mlangoni, Dada anapiga kelele "Simama!" na yeye anapiga kelele "Haiachii!" Wakazunguka mtaa, wakapita tena. Wakazunguka, wakapita tena, na mama yetu amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Baadaye nilimuuliza Shemeji, hivi wewe fundi mzima, swichi ya kuzimia injini si iko palepale kwenye kidole?

"Niliijua ilipo, Shemeji," akanijibu. "Ila ningezima, angeshuka."

Mama alisema mwanamume asiyejua kusimama si wa kuolewa naye. Dada akasema, "Angalau anarudi." Wakaoana.

Walipanga vyumba viwili upande wa pili wa ukuta wangu, ua mmoja, bomba moja. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndiyo kazi yangu. Kamba ya kuanikia ilifungwa kwenye msumari wa dirisha langu na kwenda hadi nguzo ya choo. Kila siku ya kufua Dada alilichukua lile ovaroli, akalishika mabegani, na kulikung'uta kwa nguvu zake zote kabla ya kuliloweka. Alisema ukililoweka na vumbi lake linageuka uji mweusi na hata ulisugue mpaka kesho haliondoki. Pah! pah! pah! Wingu linapanda juani, yeye kageuza uso pembeni kidogo, anaimba. Mimi nilikuwa nafunga dirisha. Si kwamba nilijua lolote. Nilikuwa na shela la bibi harusi mezani, au shati jeupe la mtu.

Gerejini Dada hakukanyaga, alisema kunanuka. Lakini kwa kulikung'uta ovaroli mwaka hadi mwaka alijifunza kulisoma vumbi kuliko mafundi wenye spana zao. Ukawa mchezo wao. Jioni Shemeji anakaa, anavua viatu, anauliza, "Haya mke wangu, juzi nilifungua nini?"

"Ulifungua mzee aliyechoka. Vumbi limeruka lote hadi kwa jirani. Pleti zimeisha, hana ugonjwa mwingine."

"Na jana?"

"Jana ulidanganywa na mteja. Kakwambia hajawahi kuipakia mzigo. Vumbi lote limeungua, linanuka moshi."

Na Shemeji anacheka mpaka anafuta machozi, mtu ambaye ukimsimulia kichekesho cha kawaida anakutazama tu.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa zamani akipeleka barua, tuliyemwita Tarishi hata baada ya kustaafu. Kazini alikuwa akiendesha pikipiki ya aina hiyo, na alipostaafu akaondoka nayo. Ikaanza kuteleza. Fundi mmoja akabadilisha pleti, ikateleza. Mzee akaileta kwa Shemeji, naye akakuta mafuta kwenye bakuli, akabadilisha sili ya upande wa injini, ile raba inayozuia mafuta yasipenye, na pleti tena, akijua kamaliza. Ikarudi ikiteleza. Jamani, siku hizo mume wa mtu hali, halali, anatazama ukuta. Dada akaenda kwenye beseni, akalitoa ovaroli ambalo alikuwa amelifua tayari, akamwekea puani.

"Nusa."

"Mafuta."

"Mafuta gani? Mafuta ya injini yanatoka kwa sabuni. Haya nimesugua mara tatu bado yananuka kama yai viza. Haya ni ya gia, mume wangu. Yanakuja kwa nyuma, wewe umeziba mbele."

Shemeji akainuka na kwenda gerejini na soksi bila viatu. Ilikuwa sili ya gia. Kwa wiki nzima alikuwa akimwambia kila mteja kwamba fundi mkuu yuko nyumbani, anafua.

Nawasimulia haya ili mjue walivyokuwa, kwa sababu yanayofuata sipendi kuyasimulia.

Kikohozi kilianza kidogo, kikavu, cha mtu aliyepaliwa na kitu. Dada akasema ni vumbi la barabarani. Kisha nikaona akianika nguo anapumzika katikati ya kamba, mkono kiunoni, kama amepanda kilima. Zahanati wakampa dawa za kifua, akamaliza. Wakampa nyingine. Wakampima kifua kikuu, hana. Nguo zikaanza kumpwaya, nikawa nampunguzia magauni yake mwenyewe bila kumwambia, nayarudisha kwenye kamba nikijifanya sijui chochote.

Jumapili moja alikuwa amekaa kitandani akipigania pumzi, na Shemeji akamgeuza taratibu, akaweka sikio mgongoni mwake. Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alisikiliza muda mrefu. Akahamisha sikio chini, akasikiliza tena.

"Vuta. Toa. Vuta." Halafu akasema, "Kulia, chini. Kuna kitu kikavu kinasuguana."

"Mimi si pikipiki," Dada akamwambia, akicheka na kukohoa.

Shemeji hakucheka. Alibaki ameinama pale, sikio mgongoni, macho yameelekea uani kwenye kamba. Kisha akainuka na kusema, "Kuanzia leo usifue. Nguo zangu nitafulia hukohuko gerejini." Nikasema moyoni, afadhali, siku moja maishani mwake ametumia akili. Kesho yake nikamwambia Dada twende hospitali kubwa.

Tulikwenda watatu. Wakampiga picha ya kifua, wakamtoa maji kwenye mapafu, wakatwambia turudi. Siku ya majibu Shemeji alibaki nje, alisema anakwenda kununua maji ya kunywa. Tukaingia mimi na Dada. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kuongea polepole.

"Mama, umewahi kufanya kazi machimboni? Au kiwandani, penye vumbi?"

"Hapana, Daktari. Nauza madaftari."

"Na baba nyumbani?"

"Fundi pikipiki. Za zamani. Klachi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na nguo zake za kazi anafua nani?"

Dada alitazama mikono yake. Mimi kuna methali niliyoijua tangu utotoni, ya kikulacho, ikanijia hadi kwenye ulimi nikaimeza. Tangu siku ile mtu akiitamka mbele yangu naondoka.

Daktari akatueleza. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kitu chenye nyuzi ndogo kuliko macho yanavyoweza kuona. Ukizivuta zinabaki kifuani, zinakaa kimya miaka na miaka, halafu zinaamka. Alisema watampa dawa za kupunguza maumivu na watamtoa maji kila yatakapojaa. Hakusema watamponya. Dada alimsikiliza hadi mwisho kama mtu anayesomewa bei ya kitu ambacho hana mpango wa kukinunua, na alipomaliza akasema neno moja tu.

"Asijue."

"Nani asijue?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Mume wangu. Asijue limetoka wapi."

Loo, tuligombana. Palepale kwenye korido, watu wanatupita na machela. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia huyu mtu naye analipuliza vumbi hilohilo kila siku, unataka mfe wote? Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vilikuwa vimebaki mifupa.

"Mdogo wangu, sikiliza. Yule mtu ana kitu kimoja tu anachokijua duniani. Kimoja. Ukimwambia hicho ndicho kilichoniua, mimi nikishaondoka atabaki na nini? Ataamka aende wapi? Kujikinga tutamfundisha, hiyo niachie mimi. Lakini kazi yake usimwondolee. Niapie."

Nikaapa. Kwa uchungu, lakini nikaapa.

Shemeji alikuwa kwenye benchi nje, chupa ya maji magotini, hajaifungua. Dada akamfuata huku ametengeneza tabasamu. "Daktari anasema ni vumbi la barabarani, limeniingia sana. Tena anasema siku hizi mafundi wote wavae kitambaa puani, walowanishe vumbi, wasipulize. Na wanataka kuwapima watu wote wa nyumba moja."

"Haya," akasema Shemeji.

Haya! Basi. Akamfungulia maji, akampa anywe, tukaondoka. Nilingoja aulize. Kesho yake nikangoja. Nilimshonea vile vitambaa vya puani, tabaka tatu, na kamba za kufunga kisogoni, akasema "Ahsante, Shemeji," akaweka mfukoni. Alikwenda kupimwa, kifua chake kikakutwa safi, na Dada alifurahi siku hiyo kama yeye ndiye kaambiwa amepona. Hata hapo hakuuliza. Mtu ambaye pikipiki ikikohoa mbele yake anaiuliza maswali hadi inatubu, mkewe anayeyuka kitandani na hamuulizi hata swali moja! Nilimchukia. Nasema kweli, nilikuwa nakanyaga cherehani naona kama nakanyaga yeye.

Na kitu kilichokuwa kinanikera kuliko vyote ni ule mchezo wao. Dada alikuwa hawezi tena kufua, wala ovaroli halikuwa linafika nyumbani. Siku moja akalalamika, "Nimefukuzwa kazi bila barua." Basi kuanzia hapo Shemeji akawa anakuja jioni, ameoga, amekata kucha, anavuta kigoda hadi kitandani, anafungua kiganja kitupu kama ana vumbi ndani.

"Leo nimefungua moja. Ikiwa baridi inashika na kuachia vizuri. Ikipata moto haiachii, gia zinagoma."

Dada anafumba macho. "Vumbi linaruka?"

"Linaruka."

"Halina mafuta, basi. Pleti zimepinda kwa joto. Huyo dereva anapenda kushikilia klachi nusu kwenye foleni."

"Ndivyo ilivyokuwa, bosi."

Au, "Hii inaruka ruka inapoondoka, kama mbuzi kafungwa kamba." Na Dada, kwa pumzi za kukopa, "Mafuta kidogo, ndiyo yameanza. Kanuse kwanza kabla hujafungua." Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani. Kila jioni klachi, klachi, klachi, kitu kilekile kinachomuua analetewa hadi kitandani kama maua. Nilimwuliza Dada anavumiliaje. Akaniambia, "Si unaona? Kazi yake bado anayo." Na uso wake ulikuwa na amani, basi nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jioni ya mwisho nilisikia Shemeji akiongea chini chini, kisha Dada akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha zamani, hadi kikageuka kikohozi kirefu. Nikapiga ngumi ukutani, nikapaza sauti, "Shemeji, muache mgonjwa apumzike!" Wakanyamaza. Asubuhi Dada hakuamka. Alikuwa amelala upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa unamuuma, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe, na mumewe alikuwa amekaa vilevile kwenye kigoda.

Tulimzika. Watu walikuja, wakaondoka, viti vikarudishwa kwa wenyewe. Shemeji hakulia mbele za watu, na mimi hilo pia nikaliweka kwenye hesabu yake.

Tarishi alichelewa kupata habari, alikuja baada ya msiba kwisha. Nilimsikia tangu mwanzo wa barabara: injini inalia juu, mwendo mdogo. Akaiegesha ukutani, akanipa pole, nikampa kiti na chai. Ili nisilie nikazungumzia kitu chochote.

"Mzee, pikipiki yako inateleza tena. Mpelekee Shemeji, siku hizi hana jingine la kumshughulisha."

"Nilimpelekea, mwanangu," akasema. "Alikataa."

"Alikataa lini?"

"Ah, zamani. Dada yako alikuwa bado hajapelekwa hospitali kubwa. Jumatatu moja nakwenda, namkuta anaosha gereji nzima kwa maji, kuta, meza, kila kitu. Pleti zote alizokuwa nazo amezifunga kwenye mifuko. Akaniambia, 'Mzee nisamehe, klachi kavu sifungui tena.' Nikadhani ni utani. Nenda kamwone, anaziba pancha. Fundi Klachi anaziba pancha, dunia hii!"

Nilimwacha mzee wa watu na kikombe chake. Sikuaga. Nilikwenda gerejini na tepu yangu ya kupimia ikining'inia shingoni, njia nzima nikijaribu kuunganisha: ile Jumapili, sikio mgongoni, macho yake uani kwenye kamba. Jumatatu anaosha kuta. Uliza uchafu umefikaje hapo. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza siku zote.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la maji, anazamisha tyubu, anatazama mapovu. Meza ya klachi ilikuwa tupu, imesuguliwa hadi mbao zimekuwa nyeupe. Ovaroli lilikuwa jipya.

"Ulijua," nikamwambia.

Alizungusha tyubu, akapata tundu, akaliwekea alama kwa chaki. Kisha akaniambia nikae, nikakaa juu ya tairi.

"Nilisikia mgongoni mwake," akasema. "Kikavu, Shemeji. Mimi sauti ile naijua. Nikajiuliza, huyu hajawahi kukanyaga gerejini. Imemfikiaje? Kuna kitu kimoja tu kilikuwa kinatoka hapa kwenda kwake." Akajishika kifuani, kwenye kitambaa cha ovaroli. "Nilikuwa nampelekea mwenyewe. Na tena nilikuwa nafurahi kumpelekea."

"Mbona hukusema? Mbona hukuuliza hata siku moja? Nimekuchukia, Shemeji!"

"Nilijua unanichukia. Unapiga ukuta kwa nguvu." Alitaka kutabasamu, hakuweza. "Siku ya majibu nilikusudia kuwaambia. Nilikaa kwenye lile benchi najipanga. Halafu akatoka, anatabasamu, ananiambia vumbi la barabarani. Nikaona amenifunika. Mtu akikufunika shuka akidhani umelala, unafanyaje? Unaendelea kulala."

"Na zile klachi za kila jioni?"

"Nilikuwa nazitunga. Nikiziba pancha nakaa natunga. Yeye alitaka niwe na kazi yangu, basi nikawa nayo."

Sasa alikuwa analia, bila sauti, machozi yanaingia kwenye karai. Nikalia naye. Mteja alikuja kuulizia tyubu yake, akatutazama, akasema atarudi kesho.

"Kwa hiyo alikufa hajui kuwa unajua," nikasema. Nilitaka angalau hilo liwe kweli. Nilitaka mmoja wao awe amefanikiwa.

Shemeji alitikisa kichwa. "Ile jioni ya mwisho nilikuwa nimechoka, nimeishiwa. Nikamwambia, leo nimefungua moja, ikiwa tupu inateleza, ikimpakia mtu inashika. Alinitazama. Unajua kabisa hakuna klachi ya hivyo, ikiteleza tupu lazima iteleze zaidi ikibebeshwa. Basi akacheka kile kicheko ulichokisikia. Akaniambia, 'Mume wangu, hiyo pikipiki haipo.' Nikamwambia ipo. Akasema, 'Haipo. Hata ile ya jana haikuwepo.' Akanishika mkono. Halafu ukapiga ukuta."

Nikajifuta uso kwa tepu yangu, sikuwa na leso.

"Akanivuta karibu," akaendelea. "Halafu akasema, kwa kunong'ona ili usisikie, 'Lakini kesho niletee nyingine.'"

"Na uliitunga?"

"Niliitunga usiku uleule, nimekaa pale. Nzuri. Niliona angekaa nayo hadi jioni."

"Niambie mimi," nikamwambia.

Akapangusa mikono kwenye kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Akafungua kiganja, kitupu, akanisogezea.

"Ukiibana, haipigi domo. Kimya. Ukiiachilia, kimya. Waya mzima, springi nzima, pleti mpya. Hainuki mafuta, hainuki moshi. Injini inawaka. Kila kitu kipo mahali pake, Shemeji, na haiendi."

Nilikitazama kile kiganja. Nilijaribu, Mungu anajua. Nilikumbuka yote niliyoyasikia kupitia ukutani, maswali yote aliyokuwa akiyauliza Dada, na sikupata hata moja la kuanzia.

"Sijui, Shemeji," nikasema.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilikuwa nangoja aniambie."